Kilo uliziona. Gunia je?

Msimu wa korosho ukishafunguliwa, kuanzia Oktoba, ofisi yetu ya vipimo hapa Mtwara hupokea lalamiko moja kuliko mengine yote: "Mizani imenipunja, nimeona kwa macho yangu." Safari hii yamezidi, ndiyo maana nimeombwa niandike. Sitaeleza mizani ni nini wala stakabadhi ghalani inakwendaje. Mkulima wa Newala anayajua hayo kuliko mimi. Nataka tuzungumzie hayo macho.

Nichukue shauri lililokwisha, kwa kuwa yanayoendelea siruhusiwi kuyagusa. Ni katika chama kimoja cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, wilayani Tandahimba. Mzee mmoja alipima gunia lake kijijini akapata kilo 80, kufika chamani likasoma 74. Mzee akaapa kuwa mizani imechezewa. Karani akaapa kuwa mizani haina neno. Mkwe wa mzee, aliyesimama pembeni, akaapa kuwa alimwona karani akikanyaga jukwaa la mizani. (Mguu wa karani ungeongeza kilo, usingezipunguza, lakini tuliandika alichosema.) Tukaenda na mawe yetu, yale ya uzito unaojulikana, tukaipima mizani, tukaikuta sahihi. Tulipoomba gunia lirudishwe vilevile lilivyokuwa ndipo jambo likajitokeza: jukwaa lilikuwa limesogezwa hadi kwenye mrundo, na gunia la mzee limeegemea magunia ya wenzake. Kilo zake nyingine zilikuwa zimebebwa na mrundo. Kulisogeza katikati, likasoma 79 na ushei. Watu watatu, viapo vitatu, na hakuna aliyetazama gunia. Wote walikuwa wanasubiri tarakimu.

Sisemi walidanganya. Jicho ndivyo lilivyo. Nyosha mkono mbele yako, inua dole gumba: eneo unaloliona kwa ukali kamili halipiti sana upana wa gumba hilo. Kwingine kote ni ukungu. Jicho linaruka mara tatu hivi kwa sekunde, linaokota vipande, ubongo unaviunga, na pale palipoungwa hatupahisi. Tunajiona tumetazama kila kitu.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Daniel Simons na Christopher Chabris, walitoa matokeo ya jaribio ambalo sasa linafahamika duniani kote. Watu walionyeshwa video ya vijana wakipasiana mipira, wakaambiwa wahesabu pasi za waliovaa nyeupe. Katikati ya video akaingia mtu mwenye vazi la sokwe, akajipiga kifua, akatoka. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao yalikuwa wazi, na walikuwa makini, ila umakini wenyewe ulikuwa kwenye hesabu.

Linalonigusa zaidi kikazi ni jaribio la mtafiti Dobromir Rahnev na wenzake, la mwaka 2011. Waligundua kuwa mahali ambapo mtu hakuelekeza umakini ndipo anapokuwa mwepesi zaidi wa kusema "nimeona", na anasema ameona vizuri, ilhali usahihi wake haujazidi hata kidogo. Kwa hiyo mtu akiniambia ana uhakika asilimia mia, naandika kwamba ana uhakika. Kilo naandika baada ya mawe.

Sasa utaratibu. Kabla gunia halijapanda, hakikisha mizani inasoma sifuri. Likishapanda, liangalie gunia kwanza, pande zote nne: haliegemei ukuta, nguzo, mrundo wala mguu wa mtu, na kama ni mizani ya kuning'iniza, kitako chake hakigusi chini. Kisha ndipo usome. Usiporidhika, omba lipimwe tena hapohapo, mbele ya shahidi, kabla halijachanganywa na mengine. Likishachanganywa, hata sisi hatuna la kupima. Andika namba ya mizani, tarehe na saa, na kilichosomeka mara zote mbili. Tunza risiti. Afisa akifika ataijaribu mizani ikiwa tupu, ataijaribu kwa mzigo mdogo, kisha mzigo mkubwa, kisha mawe yataondolewa katikati na kuwekwa kona moja baada ya nyingine, kwa kuwa mizani inaweza kuwa sahihi katikati na kudanganya pembeni. Ataangalia lakiri, ile alama ya kufungia mizani isichezewe, kama haijakatwa, na stika ya uhakiki kama ni ya mwaka huu, maana uhakiki ni wa kila mwaka. Kutumia mizani isiyohakikiwa ni kosa, kuichezea ni kosa, kukata lakiri ni kosa. Mkosaji akikiri, sheria inaruhusu kosa kufifilishwa kwa faini, yaani kumalizwa bila mahakama. Akikana, shauri linakwenda mahakamani, na huko kuna faini, kifungo, au vyote viwili. Naomba pia nieleweke: aliyeuza korosho kwa kangomba, ule ulanguzi wa kupima kwa bakuli nje ya chama, asiniletee shauri la mizani. Pale hapakuwa na mizani, palikuwa na bakuli.

Siku hizi, kabla sijauliza kilo ngapi, namuuliza mlalamikaji alikuwa anatazama wapi. Wengi wanakasirika, wanaona nawatetea makarani. Msimu uliopita, upande wa Nanyamba, bibi mmoja hakukasirika. "Nilikuwa namtazama karani usoni, mwanangu," akanijibu. "Mwizi anajulikana kwa macho." Tukaenda naye hadi kwenye mizani ile. Stika ilikuwa imebandikwa mbele kabisa, usawa wa magoti yake, nayo ilikuwa ya mwaka wa nyuma.