Moto wa msituni ukiwaka karibu na kambi: kamata mnyama kwanza, hema baadaye

Mimi natibu wanyama hapa California, na kila kiangazi ndugu zetu wa huku wananiuliza swali lilelile, daktari tunaenda kupiga kambi na mbwa wikiendi hii, moto ukitokea tufanyeje? Jibu langu ni moja tu jamani, mwenye mnyama anaondoka kwenye ONYO, hasubiri amri.

Huku California kuna hatua mbili. Onyo la kuhama maana yake moto unaweza kufika hapo ulipo, amri ya kuhama maana yake toka sasa hivi. Sasa lile tangazo la onyo ukilisoma mpaka chini linasema wazi kabisa kwamba wenye wanyama na wote wanaohitaji muda zaidi waondoke saa hiyo hiyo, ila wengi wanaishia mstari wa kwanza wanaona aa bado, wanaendelea na nyama choma. Jirani zetu wa jimbo la Oregon wao wanatumia namba, 1 jiandae, 2 kaa tayari kabisa, 3 ondoka. Ukiwa na mbwa au paka, ikifika 2 uwe barabarani.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kambi nyingi za milimani zina barabara moja tu ya kuingilia na kutokea, tena nyembamba, na moto hautembei kwa mguu, upepo unabeba cheche unazirusha mbele hata zaidi ya kilometa moja. Mnakumbuka ule moto wa msituni wa huku California ulioitwa Creek Fire, wa Septemba 2020? Moto ulianza tarehe 4, kesho yake tu watu waliokuwa wamepiga kambi pale Mammoth Pool wakakuta barabara imefungwa na moto, wakakusanyika kando ya ziwa, na usiku ule helikopta za jeshi, Chinook na Black Hawk, ndo zikawatoa, zaidi ya watu 200, na kuna waliopanda na mbwa wao. Marubani wale walifanya kazi kubwa mno katikati ya moshi, lakini usipange safari yako ukitegemea kuokolewa hivyo.

Sasa pale kambini, kitu cha kwanza kabisa ni kumtia mnyama mkononi. Kabla ya hema, kabla ya jiko, kabla ya kitu chochote. Watu wakianza kukimbia na kufunga mizigo kwa kelele mbwa anaingiwa hofu anachoropoka, paka ndo usiseme, atajibana chini ya gari au chini ya kiti na hapo utamwita mpaka koo likauke. Mbwa avae hanesi, ule mkanda wa kifuani, na kamba aingie garini, paka na sungura waingie kwenye kreti, yaani boksi la kubebea mnyama, mlango ufungwe, halafu ndo ukusanye vitu. Na kreti ibaki wazi karibu na anapolala tangu siku ya kwanza, aizoee, maana paka anayeliona boksi lile kwa mara ya kwanza siku ya moto atakuchana mikono yote. Gari lipaki pua ikiangalia njia ya kutokea. Maji, chakula, dawa zake na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa vikae ndani ya gari muda wote.

Moshi nao. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, kwa hiyo akiwa na joto na hofu anavuta moshi mwingi sana. Mbwa wa pua fupi kama pagi na buldogi wanaumia haraka zaidi, na ndege ndo dhaifu kuliko wote. Ukiwa garini funga vioo, washa AC izungushe hewa ya ndani. Usimpe dawa ya binadamu ya kumtuliza wala ya maumivu, paracetamol inaua paka, nasema kwa uzito kabisa.

Mkishatoka, msifikirie kila kituo cha wahamishwaji kitampokea mnyama. Baada ya kimbunga Katrina, mwaka 2006 Marekani ilipitisha sheria ya kuzitaka serikali za majimbo na miji ziwaweke wanyama wa nyumbani kwenye mipango yao ya dharura, kwa hiyo mara nyingi kuna sehemu yao, ila inaweza kuwa jengo jingine au kwenye viwanja vya maonyesho. Uliza kabla ya kwenda.

Halafu mkague. Geuza nyayo zote nne uangalie malengelenge, angalia ufizi kama umepauka au umekuwa mwekundu kupita kiasi. Penye kuungua mwagia maji ya baridi ya kawaida, usiweke barafu wala siagi. Na paka aliyeungua hata kama anakula vizuri mpelekeni kwa daktari, wenzetu wa chuo cha UC Davis walipima paka waliotoka kwenye moto wa 2017 na ule wa Camp Fire wa 2018 wakakuta wengi wana matatizo ya moyo na damu kuganda, na kwa macho huwezi kuliona hilo.