Bei ilishuka shilingi arobaini, kodi haikushuka hata ndururu

Tarehe 14 ya kila mwezi, jioni, simu yangu huwa haitulii. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mhasibu katika kampuni ya kuuza mafuta, kazi yangu ikiwa kujua lita moja imegharimu nini tangu meli inapofunga kwenye gati la mafuta la Kipevu, bandarini Mombasa, hadi tone la mwisho linapotoka kwenye mpira wa pampu. Siku hizi nawashikia hesabu za mafuta wenye matatu na malori hapa Mombasa. Basi kila Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, inapotoa bei mpya, watu hunitumia picha ya lile jedwali na swali la neno moja: "Mbona?"

Juzi aliyeniuliza sikumjua. Alikuwa dereva wa tuktuk mbele yangu kwenye foleni, kituo kimoja cha petroli upande wa Changamwe. Alisema "nitilie ya mia tano", akateremka, akasimama karibu na pampu akizikodolea macho zile namba zinavyokimbia. Upande wa shilingi ulikimbia mbio, upande wa lita ulijikokota. Zilipogota, akamgeukia mhudumu: "Redioni wamesema mafuta yameshuka duniani. Mbona yakipanda mnapandisha usiku huo huo, yakishuka mpaka tuwapigie magoti? Nyinyi wezi tu."

Mhudumu alirudisha mpira mahali pake, akamwuliza kama anataka risiti. Ameshazoea. Nikajitia kati, maana huyo kijana wa pampu hana hata senti moja anayoamua pale.

Nilimpa yule dereva hesabu hii, nami naiandika kwa ajili ya wote wanaotuma picha ya jedwali. Natumia bei za Nairobi kwa kuwa ndizo zinazotajwa kwenye habari. Sisi wa Mombasa hupunguziwa shilingi tatu hivi kwa sababu mafuta yetu hayasafiri kwa bomba kwenda bara, na watu wa Mandera ndio huumia zaidi.

Oktoba 2023 lita ya petroli ilifika shilingi 217.36. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya juu kabisa tuliyowahi kuiona hadi wakati huo. Ndani yake mlikuwa na ushuru wa bidhaa shilingi 21.95, tozo ya matengenezo ya barabara 18, tozo ya maendeleo ya petroli 5.40, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, 29.98. Jumlisha: 75.33. Nimeziacha kando zile ndogondogo kama ada ya reli, ada ya kuagiza na ya mdhibiti mwenyewe.

Sasa njoo Januari 2025. Bei imeteremka hadi 176.58. Tofauti ni shilingi 40 na senti 78, si haba. Ushuru wa bidhaa ni ule ule 21.95. Tozo ya barabara imekuwa 25. Tozo ya petroli 5.40. VAT 24.36. Jumla: 76.71.

Rudia kusoma ukitaka. Bei ilianguka kwa zaidi ya arobaini, na fungu la serikali likaongezeka shilingi moja na senti 38. Wakati wa ile bei kali, kodi ilikuwa kama thuluthi ya kila lita. Wakati wa nafuu, ikapita asilimia 43. Dereva anaposema "yakishuka hatuoni", ana haki ya kusema hivyo, ila mwizi wake anamtafuta mahali pasipo.

Siri iko katika jinsi kodi hizi zinavyohesabiwa. Nyingi ni shilingi kamili kwa kila lita. Haziulizi pipa ni bei gani, dola ni ngapi, wala mfukoni mwako mna nini. Ushuru wa 21.95 umekaa hapo tangu marekebisho ya mfumuko wa bei ya mwaka 2020. Tozo ya petroli ilikuwa senti 40 tu. Julai 2020 ikapandishwa hadi shilingi 5.40, tukiambiwa ni akiba ya kutukinga siku bei ikichachamaa. Na kweli ilitumika hivyo kwa muda, mwaka 2021 na 2022. Kisha Septemba 2022 serikali mpya ikaondoa ruzuku ya petroli, na tukalala na 159.12 tukaamka na 179.30. Tozo yenyewe ilibaki.

Hapo lazima niwe mkweli, maana kuna wenzangu wanaopenda kuilaani kila tozo bila kuipima. Kodi ya shilingi kamili ina upande wake mzuri: bei ya dunia ikiruka, yenyewe hairuki nayo. Lau kodi zetu zote zingekuwa za asilimia, ile Oktoba 2023 ingetukuta na bei mbaya kuliko hiyo. Ni kama mto wa pamba: huo unaokupunguzia kishindo bei ikipanda ndio unaokuzuia kugusa chini bei ikishuka. Tatizo langu ni kwamba tunaubeba mto wakati wote, na kila miaka miwili mitatu mtu anakuja kuongeza pamba.

VAT nayo ni mnyama tofauti. Hiyo ni asilimia, kwa hiyo bei ikipanda inapanda nayo, na serikali inavuna zaidi bila kupitisha sheria yoyote. Septemba 2018 ilianza kwa 16, kelele zikawa nyingi, na baada ya wiki tatu hivi ikakatwa nusu ikawa 8. Julai 2023, kwa Sheria ya Fedha ya mwaka huo, ikarudi 16. Wengi wanakumbuka hapo tu. Kinachowapita ni kwamba VAT hukokotolewa juu ya kila kitu kilichotangulia, pamoja na zile kodi nyingine. Ile tozo ya barabara ya shilingi 25, VAT ya asilimia 16 iliiongezea shilingi 4. Kwa hiyo barabara ikala 29 kwa lita. Ukichukua ushuru wa bidhaa, tozo ya barabara na ya petroli kwa pamoja, unapata 52.35, na VAT yake kwa hiyo 16 ilikuwa shilingi 8.38. Hizo nane na ushei ulizilipa kwa kosa la kulipa kodi.

Nilipomwambia hilo yule dereva alicheka kicheko cha mtu aliyepigwa kofi.

Halafu kuna hiyo tozo ya barabara ilivyotoka 18 ikawa 25. Mnakumbuka Juni 2024: vijana barabarani, Mswada wa Fedha ukarudishwa bila kutiwa saini. Watu walikwenda nyumbani wakijua kodi mpya zimezimwa. Lakini tozo hii ina sheria yake yenyewe ya mwaka 1993 na kiwango chake hubadilishwa kwa tangazo la gazeti rasmi la serikali, haihitaji mswada wa fedha. Katikati ya Julai bei mpya zilipotoka, ile saba ilikuwa imo ndani. Na hata hukuiona, kwa sababu mwezi huo bei yenyewe iliteremka kidogo hadi 188.84. Katika miaka yangu ya uhasibu nilijifunza kwamba wakati mzuri wa kupandisha tozo ni mwezi ambao mzigo umefika kwa bei nafuu. Hakuna anayelalamika kwa nafuu ambayo hakujua angeipata.

Upande wa pili wa lita ni mafuta yenyewe, na hapo redio inatupotosha kidogo. Habari hutaja pipa la mafuta ghafi. Kwanza, sisi hatununui ghafi. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kazi mwaka 2013, na tangu hapo tunaagiza petroli na dizeli zilizokwisha kusafishwa, ambazo zina soko lake na bei yake. Ghafi inaweza kushuka leo na petroli isitikisike, hasa viwanda vya nje vikiwa kwenye ukarabati.

Pili, ni dola. Chukulia lita inafika bandarini kwa senti 70 za dola. Dola ikiwa shilingi 150, kama ilivyokuwa ile Oktoba, lita hiyo ni shilingi 105. Dola ikiwa 129, kama ilivyotulia mwishoni mwa 2024, ni shilingi 90. Shilingi kumi na tano zimeyeyuka bila Mwarabu kupunguza chochote. Sehemu ya ile nafuu ya arobaini ilitoka hapo, na haikuwa huruma ya mtu.

Tatu, ni kuchelewa. Bei inayoanza tarehe 15 hupigiwa hesabu ya mizigo iliyoshushwa kati ya tarehe 10 ya mwezi uliopita na tarehe 9 ya mwezi huu. Mzigo wenyewe ulikwisha kuagizwa kabla meli haijafika. Kwa hiyo unachosikia redioni leo asubuhi kitafika kwenye pampu mwezi ujao au ule wa pili. Kuchelewa huku ni kwa kupanda na kwa kushuka vilevile, ila kupanda tunakukumbuka zaidi. Maumivu yana kumbukumbu.

Na je, mwenye kituo? Bei ya EPRA ni kikomo. Anaweza kuuza chini yake lakini si juu. Fungu lake ni shilingi chache kwa lita, na humo anatoa umeme, mishahara, na hasara ya mafuta yanayovukiza. Usiku wa tarehe 14 kwake ni kama kamari. Bei ikipanda, mafuta aliyonunua kwa bei ya zamani yanampa faida ya bure. Ikishuka, amebaki na tangi la mafuta ghali ambalo lazima auze kwa bei mpya. Nimewaona wenye vituo wakiagiza lori nusu kuanzia tarehe 11 kwa sababu walinusa kushuka, na nimeona pampu zikipata "hitilafu" tarehe 13 kwa sababu walinusa kupanda. Hilo la pili ni kosa, na mkilalamikia hilo niko nanyi.

Wenye malori wa njia ya Lunga Lunga huniuliza mbona ng'ambo ya mpaka, Horohoro, mara nyingi wanakuta nafuu. Tanzania nao wana tozo za shilingi kamili kwa lita, na si ndogo. Ila petroli na dizeli kwao hazilipiwi VAT. Ile kodi juu ya kodi niliyoeleza hapo juu, kwao haipo.

Dizeli ya kwetu inatozwa ushuru mdogo kuliko petroli, 11.37, kwa sababu ikipanda dizeli sukuma na unga vinapanda. Mafuta taa yana hadithi yake ya kusikitisha: tangu 2018 yanatozwa shilingi 18 zaidi ili watu wasiyachanganye na dizeli. Uchakachuaji ulipungua kweli. Aliyebaki kulipa ni mama anayepikia stovu.

Jambo dogo kabla sijasahau, maana kila wiki kuna mtu ananishauri nijaze asubuhi na mapema, ati mafuta yakiwa baridi unapata mengi. Petroli hutanuka kama sehemu moja katika elfu kwa kila digrii. Lita 20, tofauti ya digrii tatu, ni kama mililita 60, yaani shilingi kumi hivi. Na tangi la kituo liko chini ya ardhi, halijui kama ni asubuhi au adhuhuri. Ukikaa kwenye foleni ya saa kumi na mbili injini ikinguruma, umeshazichoma hizo kumi.

Nikamwachia yule dereva lile la mwisho, na pengine nisingemwambia. Mwaka 2025, kati ya zile shilingi 25 za barabara, 7 ziliuzwa. Yaani serikali ilichukua mapato ya miaka ijayo ya hizo shilingi saba, ikapata kwayo fedha taslimu leo, mpango wa shilingi bilioni 175, ili wakandarasi wanaodai walipwe. Wakandarasi walikuwa wanadai haki yao, wengine walikuwa wamefilisika, siwalaumu. Lakini maana yake ni kwamba lita ambazo hujazichoma bado zimeshakopewa, na hiyo saba haitapungua kwa muda mrefu hata pipa litolewe sadaka.

"Kwa hivyo, dada, petroli ya mwakani nishaanza kuilipia deni?"

"Saba zake, ndiyo."

Akaomba ile risiti aliyoikataa mwanzoni, akaigeuza, akaniomba nimwandikie nyuma: kati ya mia tano, kodi ni ngapi. Kwa bei ile ya Januari 2025 ni 217. Niliandika hivyo, nikaongeza mchanganuo kwa herufi ndogo maana karatasi ilikuwa imekwisha. Akaipiga picha, akachukua namba yangu, akairusha kwenye grupu la stejini kwao kabla hata ya kuwasha tuktuk. Nyuma yetu honi zilikuwa zimeshaanza.

Nilipofika nyumbani nilikuta nimeongezwa kwenye grupu hilo, maswali kumi na moja yakinisubiri. La kwanza lilikuwa la gesi ya kupikia.