Kuloweka mbegu za kanari bila kuzichachisha

Kila msimu wa kutotoa unapoanza, meza yetu ya uchunguzi hupokea makinda wa kanari wenye siku nne au tano, matumbo yamevimba na kuiva wekundu, na mwenye ndege anaapa kwamba safari hii aliwalisha vizuri kuliko miaka yote. Mara nyingi anasema kweli. Mbegu alizoloweka zilikuwa chakula kizuri saa kumi na mbili asubuhi. Kufika saa sita mchana zilikuwa zimechacha, na mama yao bado alikuwa anazibeba kuwapelekea kiotani.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia bakuli na chujio, inafaa tuelewe kinachotokea ndani ya punje.

Mbegu kavu imelala. Maji yaliyomo ndani yake ni takriban asilimia 10 tu ya uzito wake, na ndiyo maana inaweza kukaa ghalani miezi mingi bila kuharibika. Ukiilowesha, inakunywa maji mpaka yanazidi asilimia 40, na kiini kinaamka. Kinatoa homoni iitwayo jiberelini, ambayo inaliamsha tabaka jembamba lililoizunguka akiba ya wanga. Tabaka hilo linamwaga vimeng'enya, na wanga unaanza kukatwakatwa kuwa sukari, protini nazo kuwa vipande vidogo. Asidi ya fitiki, ile inayofunga madini kama chuma na zinki yasifyonzwe tumboni, inaanza kupungua. Ganda linalainika. Kwa maneno mengine, unatengeneza kimea, ila hukikaushi wala hukisagi.

Kwa kanari mzima mwenye afya, hili ni jambo jema lisilo la lazima. Yeye anamenya ganda kwa mdomo, anameza kiini, na firigisi yake inamaliza kazi. Faida kubwa iko kwa kinda. Linapoanguliwa, baada ya siku 13 au 14 za kuatamiwa, lina uzito wa gramu 2 hivi au pungufu, na kila linachokula kimetapikwa kutoka kwenye mfuko wa chakula wa mzazi. Mbegu laini, yenye maji na iliyokwisha kuanza kujimeng'enya, inapita hapo kwa urahisi zaidi kuliko kavu.

Lakini vimelea navyo vinapenda maji, joto na sukari. Kila unachomfanyia kiini ili aamke, unakifanyia pia kijidudu kilichojificha kwenye mkunjo wa ganda. Kazi yote ya kuloweka ni mbio kati ya hao wawili.

Anza kwa kuzihesabu

Watu wengi huruka hatua hii, na mimi naiona ndiyo muhimu kuliko zote. Mbegu iliyokufa nayo inakunywa maji. Inavimba, inalainika, inang'aa vizuri kama jirani yake aliye hai, tofauti ni kwamba haiamki. Haina kinga yoyote iliyobaki, hivyo inaoza pale pale katikati ya zile zinazochipua. Kwa macho ya siku ya kwanza huwezi kuzitenganisha.

Chukua punje 100, zipange juu ya kitambaa chenye unyevu, kikunje, kiweke mahali penye joto la kawaida la chumbani na usikiache kikauke. Baada ya siku tatu hesabu zilizotoa kizizi. Zikiwa 90 au zaidi, una mbegu nzuri. Zikishuka chini ya 80, walishe ndege zikiwa kavu kama bado ni safi na hazinuki uvundo, lakini usiziloweke. Mbegu zinazonuka ukungu zikiwa kavu hazifai kwa njia yoyote. Baadhi ya kuvu wa ghalani hutoa sumu ya aflatoksini, na kuziosha au kuzichemsha hakuiondoi.

Epuka kabisa mbegu zilizotayarishwa kwa ajili ya kupanda shambani. Nyingi zimetiwa dawa ya kuua kuvu na kupakwa rangi nyekundu, ya waridi au ya kijani kama onyo. Wapo waliowahi kuniambia "lakini nimeziosha mpaka rangi ikatoka." Rangi ndiyo iliyotoka.

Kuhusu aina, ngano, mtama, uwele, alizeti, figili, rapa (mbegu ndogo za mafuta za jamii ya kabichi) na choroko zote huchipua bila matata. Maharage ya kawaida mabichi yana lektini yenye sumu, yaache. Mbegu za kitani na za chia hutoa ute mzito unaozigandisha pamoja na kuzuia hewa, kwa hiyo ziwe kavu tu. Halafu kuna shida ya mchanganyiko. Mbegu za dukani zilizochanganywa kwa ajili ya kanari haziamki wakati mmoja: choroko na figili zinaweza kuchungulia ndani ya siku moja, wakati mbegu nyembamba za kanari zenyewe, zile ziitwazo kitaalamu Phalaris canariensis, bado zinajivuta. Ukizingoja za mwisho, za kwanza zimeshapitiliza. Ni afadhali kuchagua aina mbili tatu zinazokwenda pamoja, au kuloweka kila aina kwenye chombo chake na kuchanganya wakati wa kulisha.

Kuloweka

Osha kwanza. Tia mbegu kwenye bakuli, mimina maji, koroga kwa mkono, mwaga, rudia mpaka maji yawe maangavu. Zile zinazoelea usikimbilie kuzitupa zote, maana mbegu zenye mafuta mara nyingi huelea kwa sababu tu zimeshikilia hewa. Zikoroge, ngoja dakika chache, kisha ondoa maganda matupu na takataka zilizobaki juu.

Sasa loweka kwenye maji safi, yazidi mbegu mara mbili au tatu kwa ujazo, kwa saa 8 hadi 12. Usiku mmoja unatosha. Kama kuna joto kali, punguza muda na ubadilishe maji katikati. Nimewakuta wafugaji wanaoloweka saa 24, hata 48, wakiamini kwamba maji mengi ndiyo lishe nyingi. Kiini kinapumua. Kikizamishwa muda mrefu kinakosa oksijeni na kufa, na hapo umegeuza mbegu hai kuwa zile mfu tulizotoka kuzihesabu. Yale mapovu madogo na harufu ya pombe kwenye bakuli la siku mbili ndiyo dalili yenyewe.

Maji ya kuloweka yamwagwe, asipewe ndege.

Ukitaka kupunguza vijidudu, changanya kijiko kimoja cha chai cha dawa ya kawaida ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato wala sabuni, kwenye lita 1 ya maji, na uzitumbukize mbegu humo kwa dakika 10. Kisha suuza, suuza tena, na uendelee mpaka usisikie hata chembe ya harufu ya klorini. Hii inapunguza, haimalizi, kwa sababu dawa haifiki kwenye nyufa za ganda. Kwa hiyo isiwe kisingizio cha kulegeza hatua zinazofuata.

Kutoka hapo mbegu hazihitaji tena kuogelea, zinahitaji unyevu na hewa. Zimwage kwenye chujio pana, zitandazwe zisizidi unene wa sentimeta 1, zifunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, mbali na jua la moja kwa moja. Chujio likae juu ya bakuli tupu ili maji yadondoke yaende zake. Mtungi uliofungwa kifuniko haufai. Niliwahi kufanya hivyo mwenyewe nilipokuwa mwanafunzi, nikaacha mtungi dirishani siku moja tu. Nilipoufungua nilipata joto usoni kabla ya kupata harufu. Mbegu zinazopumua hutoa joto, na zikibanwa zinajipika.

Zisuuze kila baada ya saa 6 hadi 8, na kwenye joto kila saa 4. Kila mara, kabla maji hayajafika, inama unuse. Mbegu nzuri ina harufu ya nyasi mbichi au karanga mbichi, tamu kidogo. Uchachu, harufu ya siki, ya pombe au ya kitambaa kilichofungiwa kikiwa kibichi, yote hukumu yake ni moja: mwaga zote. Usichambue. Chukua punje moja pia uibonyeze kwa kucha. Iliyo hai inapasuka ikiwa imara na nyeupe ndani, iliyokufa inateleza na kutoa uji wa kijivu.

Wakati wa kusimama ni pale ncha nyeupe inapochungulia, milimita 1 hadi 3, kwa kawaida kati ya saa 24 na 48 tangu uanze kuloweka.

Kulisha

Suuza mara ya mwisho, ziache zichuje vizuri kabisa, kisha zipanguse kwa karatasi ya jikoni mpaka zisilowanishe mkono. Jozi yenye makinda ianze na kijiko kimoja cha chai kwa mlo, kwenye chombo kifupi, kipya kila mara. Baada ya saa 2 kama kuna joto, au 4 kama kuna baridi, kilichobaki kitolewe hata kama kinaonekana kizuri. Chakula hiki kisilale tunduni usiku. Jike azoezwe siku kadhaa kabla mayai hayajaanguliwa, kwa sababu wengine hukikataa kabisa mara ya kwanza na utamkuta anayatazama makinda yenye njaa huku chakula kikichacha mbele yake. Chakula cha yai kiendelee pamoja nacho. Na kalsiamu humu ni kidogo, hivyo mfupa wa dome, yule mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi, ubaki umening'inia tunduni.

Zilizozidi zinakaa kwenye jokofu siku mbili, kwenye chombo kisichofungwa kabisa, zikinuswa kabla ya kila mlo. Nje ya msimu wa kutotoa, mara mbili kwa wiki inatosha, na wakati wa kunyonyoka manyoya unaweza kuongeza. Ukiwapa kila siku mwaka mzima, mwili wa jike unasoma wingi huo kama ishara ya kutaga, nawe utashangaa jike aliye peke yake anataga mayai yasiyo na dume.

Kuna dalili moja ambayo wafugaji wa zamani waliiita jasho la jike: manyoya ya tumbo lake yameloa na kiota kimelowana. Ndege hawana tezi za jasho. Unyevu ule ni kuhara kwa makinda. Kinyesi cha kinda mwenye afya hutoka kikiwa kimefungwa ndani ya utando mwembamba, kama kijifuko, na mama hukinyanyua mzima mzima. Kijifuko kikikosekana, kuna kitu tumboni, na bakteria wa Escherichia coli ni miongoni mwa washukiwa wa kwanza. Acha mbegu za kulowekwa papo hapo, badilisha matandiko ya kiota, na umwone daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa sababu kinda la siku tano halina akiba ya kungoja kesho. Usiwape antibiotiki zilizobaki kwenye kabati la nyumbani. Unapokuja, beba kijiko cha zile mbegu ulizokuwa ukiwalisha kwenye mfuko safi, na kinyesi cha asubuhi hiyo juu ya karatasi.