Kuirudia Bruce Lee ya mwaka 1984: ngumi isiyochagua wa kumpiga

Wiki iliyopita nilirudi kucheza Bruce Lee, mchezo wa kompyuta wa majukwaa, yaani wa kuruka na kupanda kutoka jukwaa moja hadi jingine, ambao kampuni ya Datasoft ya Marekani iliutoa mwaka 1984, miaka 11 baada ya Bruce Lee mwenyewe, mwigizaji wa filamu za kung fu, kufariki Hong Kong. Ron Fortier aliubuni kwa kompyuta za nyumbani za Atari, kisha ukahamishiwa kwenye Commodore 64, Apple II, ZX Spectrum na nyinginezo.

Bruce hupita katika vyumba 20 vya ngome ya mchawi akikusanya kandili zinazoning'inia, na kandili zinazohitajika zikiisha kukusanywa, njia ya kuendelea hufunguka. Kitufe cha jostiki, ile fimbo ya kuongozea mchezo, ni kimoja tu: ukikibonyeza umesimama, Bruce hupiga ngumi, ukikibonyeza ukiwa mbioni, huruka na teke. Kuruka, kupanda na kulala chini hufanywa kwa kuisukuma jostiki yenyewe.

Ufundi wa mchezo huu, kwa maoni yangu, umo katika wale maadui wawili wanaomfuata Bruce, yaani ninja mwenye fimbo na Yamo, mwanamieleka wa sumo mwenye rangi ya kijani. Pigo la Yamo halichagui wa kumpata. Ukilala chini kwa wakati unaofaa, teke alilokukusudia humwangukia ninja aliyekuwa akikujia kutoka upande wa pili. Mitego ya ngome nayo huwaua wao kama inavyokuua wewe, ingawa wao hurejea baada ya muda mfupi. Kwa hiyo mchezaji mzoefu hapigani sana, bali husimama mahali ambapo adui atajiumiza mwenyewe au atamwumiza mwenzake, na hapo ndipo nilipojikuta nikicheka peke yangu usiku wa manane.

Raha huongezeka mchezaji wa pili anapomchukua Yamo, kwa sababu rafiki yako, tofauti na kompyuta, hujifunza hila zako na kukataa kunaswa mara mbili.

Mwisho wake ndio unaonikatisha tamaa hadi leo. Baada ya ngumi na mateke yote hayo, mchawi mwenyewe hapigwi hata kofi: unakwepa moto anaourusha, unaifikia swichi, naye anakufa. Kisha safari inaanza upya kutoka chumba cha kwanza.