Wanayosema mafundi wa kupaua Dodoma, na ukweli wake

Tangu serikali itangaze mwaka 2016 kuhamia Dodoma, nyumba zimechipuka Iyumbu, Nzuguni, Nala na Mkonze. Kila ifikapo Oktoba na Novemba, mafundi hukimbizana na paa kabla mvua za Desemba hazijaanza. Haraka hiyo ina misemo yake.

"Hii si ghorofa, bwana."
Huu ndio ninaouogopa kuliko yote, kwa sababu ukishatamkwa kamba ya usalama haitoki kwenye begi. Ukuta wa nyumba ya kawaida huishia karibu mita 3, na kofia ya paa, yaani kilele chake, iko juu zaidi ya hapo. Anayeanguka kutoka mita 3 hufika chini kabla ya sekunde moja kuisha, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Hana muda wa kudaka mbao. Na chini kwenyewe kuna vipande vya tofali, mirunda, pengine nondo zilizoachwa zimesimama. Marekani, kanuni za ujenzi hudai kinga kuanzia mita 1.8, urefu wa mtu mrefu tu.

"Bati likishalazwa, unatembea tu."
Lisilopigiliwa huteleza pamoja na aliye juu yake. Lililopita papi ya mwisho, yaani mbao inayopigiliwa bati, hubinuka ukilikanyaga ukingoni. Hata lililopigiliwa, mguu ufuate mstari wa misumari, maana ndipo papi ilipo. Yale ya plastiki yanayoingiza mwanga hayakanyagwi kabisa. Hupasuka bila kutoa dalili. Karatasi za asbestosi kwenye majengo ya zamani nazo ni hivyo hivyo, na vumbi lake huharibu mapafu. Ongeza umande wa asubuhi na vumbi letu la kiangazi, ambalo kwenye bati laini ni utelezi mtupu.

"Upepo wa huku tumeuzoea."
Wewe umeuzoea, bati je? Ukilibeba la mita 3 umebeba tanga. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukilipiga usoni hulisukuma kwa nguvu ya kilo 15 na zaidi, nawe umesimama juu ya mbao ya inchi mbili. Likikuponyoka, liache liende.

"Nimevaa mkanda wa usalama, niko salama."
Umeufunga wapi? Papi iliyoshikwa na msumari mmoja haihimili mtu anayeanguka, wala kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) iliyosimama peke yake kabla ya kuunganishwa na nyingine. Kamba ya mita 4 kwenye ukuta wa mita 3 ni pambo. Aliyening'inia naye ashushwe upesi, kwani kukaa hivyo bila kusogea huvuruga mzunguko wa damu. Kwa maoni yangu, jukwaa imara lenye reli pembezoni mwa paa ni bora kuliko mkanda: halimsubiri fundi akumbuke kujifunga.

"Ajali ni mipango ya Mungu."
Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imempa mwajiri wajibu wa kulinda wafanyakazi wake. Imani haiufuti.

"Ameanguka? Mnyanyueni, mpeni maji."
Hapana. Uti wa mgongo ukiwa umevunjika, kumnyanyua kunaweza kumpoozesha. Kama hapo alipo hakuna hatari nyingine, mwacheni alivyo, kichwa na shingo vishikwe visicheze, na Zimamoto wapigiwe 114. Bodaboda isitumike, hata kama hospitali ni jirani.