"PS imechoka" na maneno mengine ya mabanda ya gemu

"Fundi, PS imechoka. Nabonyeza shuti, jamaa anafikiria kwanza ndiyo anapiga." PS ni PlayStation, na maneno haya utayasikia Arusha, Ngarenaro na Sakina, na ukishuka Moshi yanakusubiri Majengo na Pasua. Yana ndugu zake pia: FC (gemu ya mpira ya EA, zamani FIFA) ni nzito, PES (gemu nyingine ya mpira) ya zamani ilikuwa nyepesi, GTA V inaburuza. Anayesema anaamini analaumu gemu. Mara nyingi anailaumu TV bila kujua.

PS haichoki namna hiyo. Ikizidiwa, picha hukatakata, feni hulia kama mashine ya kusaga, mwisho inajizima. Lakini picha ikiwa laini, feni imetulia, na ni kitufe tu kinachochelewa, usimruhusu mtu aifungue. Wala usisingizie mtandao: mechi ya watu wawili waliokaa benchi moja haipiti kwenye intaneti.

TV bapa haionyeshi picha pale pale inapoipokea. Inaisubirisha kwanza: inasafisha chenga, inakoleza rangi, inabuni fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) za katikati ili mwendo uonekane laini. Kwa tamthilia haidhuru, maana sauti nayo inacheleweshwa iende sawa na picha. Kwa gemu ni balaa. FC hutoa fremu 60 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 17 hivi. TV ikitumia milisekunde 100 kuipamba picha, unachokiona kimepitwa na fremu sita. Beki ameshafika miguuni mwako, wewe bado unamwona yuko mbali. Hapo hata ukinunua PS5 utafungwa vile vile.

Na ndiyo siri ya hiyo "PES ya zamani". Winning Eleven, jina lingine la PES, ya PS2 wengi waliicheza kwenye TV ya chogo, ambayo huchora picha kadiri inavyoingia kutoka kwenye waya. Haina pa kuisubirisha. Chomeka PS2 hiyo hiyo kwenye TV bapa kwa nyaya za njano, nyekundu na nyeupe, uone kama huo wepesi utaukuta.

Dawa ni ya bure. PS ikiwa imewashwa, ingia kwenye menyu ya TV, sehemu ya picha, chagua Game. Kwenye Samsung nyingi imefichwa: General, kisha External Device Manager, kisha Game Mode. Rangi zitapauka kidogo. Vumilia, chalii wangu! Wengi hurudisha Vivid (mpangilio wa rangi kali) siku hiyo hiyo kwa sababu "picha imefifia", wiki ijayo wako mlangoni kwa fundi na lalamiko lile lile. Mtego mwingine: TV nyingi hukumbuka mpangilio huu kwa kila tundu la HDMI peke yake. Ulipanga HDMI 1, mtu akahamishia waya HDMI 2 ili king'amuzi kipate nafasi, umerudi ulikotoka. TV isiyo na Game kabisa, zima kimoja kimoja: Noise Reduction, Dynamic Contrast na chochote chenye neno Motion.

Usiyeamini, pima. Weka kamera ya simu kwenye mwendo wa polepole wa fremu 240 kwa sekunde, shika pedi mbele ya TV vyote vionekane, simamisha gemu, kisha kwenye menyu yake bonyeza mshale wa chini. Usipime kwa mchezaji, maana mwili wake una mwendo wake kabla mguu haujagusa mpira. Rudia video taratibu, hesabu fremu kuanzia kitufe kinapozama hadi menyu inaposogea. Kila fremu ni milisekunde 4 na ushee. Ukipata 40 kabla ya kubadilisha na 22 baada ya kubadilisha, umerudishiwa milisekunde 75, na hakuna skrubu iliyoguswa.

Halafu kuna sabufa. Ukiiunganisha kwa Bluetooth, sauti ya mpira huja baada ya mguu, na ubongo unakuambia kitufe ndicho kilichochelewa. Tumia waya.

GTA V ni kesi tofauti kidogo. Kwenye PS4 imefungwa kwenye fremu 30 kwa sekunde, sawa na Red Dead Redemption 2, kwa hiyo anayetoka FC na kuishika dakika hiyo hiyo lazima aione nzito. Ndivyo ilivyotengenezwa, na hakuna fundi wa kukuondolea.

"Umeme umekatika, PS imeungua." Mara chache. Kinachoumia zaidi ni diski ya ndani (hard disk) iliyokatishwa ikiwa inaandika. Kama taa inawaka lakini PS haimalizi kuwaka, zima kabisa, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde kama 7, hadi mlio wa pili. Unganisha pedi kwa waya wa USB unaopitisha data (wa kuchajia tu haufai, na hapa ndipo wengi hukwama na kusema PS imekufa). Kwenye menyu itakayokuja, chagua namba 5, Rebuild Database. Haifuti gemu. Namba 6 na 7 zinafuta kila kitu, kwa hiyo mkono usiteleze. Diski ikiwa imejaa, kazi inaweza kuchukua saa kadhaa; usichomoe.

"Pedi inatembea yenyewe, ipulizie pafyumu." Tafadhali. Ndani ya kijiti cha pedi kuna njia nyembamba ya kaboni inayosuguliwa kila unapokizungusha, na ikilika imelika. Spiriti safi ya kusafishia vifaa itasaidia siku chache kama tatizo lilikuwa vumbi, nalo vumbi la kiangazi hapa mnalijua. Baada ya hapo ni kubadilisha kijiti kizima. Kwenye pedi ya PS4 kina sehemu 14 za kuchomelea. Fundi akikivuta kabla risasi haijayeyuka zote, anang'oa njia za shaba kwenye bodi, na pedi uliyoipeleka ikiwa na ugonjwa mmoja inarudi na miwili.

"Kucheza mtandaoni kunamaliza bando." Kucheza kwenyewe hula kidogo, kwa sababu kinachosafirishwa ni taarifa za nani yuko wapi na kabonyeza nini, picha inachorwa na PS yako hapo hapo. Kinachomaliza bando ni kupakua gemu na masasisho yake. Zima masasisho ya kujiendesha, na usidhani kuwa na CD kunakuepusha nayo.

"Laptop ina RAM 16, itacheza kila kitu." Bila kadi ya picha ya kueleweka, hapana.

"Nitafutie FIFA 25." Haipo. EA na FIFA waliachana baada ya FIFA 23, na tangu Septemba 2023 gemu ya EA inaitwa EA Sports FC. PES nayo iligeuka eFootball mwaka 2021, na ni ya bure. Anayekuuzia CD ya FIFA 25 anakuuzia kava.