Ushiriki wa jamii katika shule ya msingi ya kijijini: maana yake

Vijijini Tanzania si ajabu kukuta boma la darasa: kuta zimesimama hadi usawa wa lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, juu hakuna bati, ndani yameota majani. Kuta hizo zimepandishwa na wanakijiji. Walichimba msingi, wakasomba mawe na mchanga, wakafyatua tofali, na kila kaya ikatoa mchango uliokubaliwa mkutanoni. Mara nyingi makubaliano huwa kwamba nguvu za wananchi zifike kwenye lenta, kisha halmashauri ya wilaya iezeke na kumalizia. Halmashauri ikichelewa, mvua inazila kuta na watu wanavunjika moyo. Mwaka unaofuata ukiwaita tena, hawaji, na siwalaumu.

Wengi wakisikia ushiriki wa jamii huwaza jasho hilo tu. Maana yake ni pana zaidi: wazazi na wakazi kuwa na sauti katika kupanga, kuamua, kutekeleza na kusimamia mambo ya shule yao. Anayeitwa kubeba tofali bila kuulizwa darasa lijengwe wapi, wala kuelezwa saruji imenunuliwa kwa shilingi ngapi, amefanyishwa kazi. Hajashirikishwa.

Chombo chenyewe ni kamati ya shule, yenye wawakilishi wa wazazi, na mwalimu mkuu akiwa katibu. Kamati hizi zilipata uzito katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulioanza 2002, ada ilipofutwa na watoto wakafurika madarasani. Fedha za ujenzi na za uendeshaji zilishuka hadi shuleni, na wakulima na wafugaji wakatakiwa kupanga bajeti, kutafuta mafundi na kupokea vifaa. Lakini pale ambapo mjumbe huletewa karatasi asaini tu, kamati ipo kwa jina. Dawa yake inajulikana: mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, tena yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila miezi mitatu.

Elimu bila malipo ilipoanza 2016, wazazi wengi walielewa kwamba sasa kila kitu ni cha serikali. Kilichokatazwa ni michango ya lazima na kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya michango hiyo. Sare, madaftari na chakula cha mwanafunzi wa kutwa vilibaki kwa mzazi, na michango ya hiari haikufungwa. Ndiyo maana chakula cha mchana shuleni hutegemea sana wazazi kukubaliana, baada ya mavuno, nani alete mahindi na maharage kiasi gani, na aliyekosa mavuno asaidiwe vipi.

Linalosahaulika zaidi ni ujifunzaji. Hata mzazi asiyejua kusoma ana haki ya kumuuliza mwalimu kama mwanawe wa darasa la tatu anasoma hadithi fupi na kuielewa. Na mwenyekiti wa kitongoji anayepita kaya kwa kaya msimu wa palizi, akiwaulizia watoto wasioonekana shuleni, ameshiriki sawa na aliyetoa mfuko wa saruji.